Kilo Nane za Risasi

Mkanda wa kwanza wa kuzamia niliowahi kufunga kiunoni ulikuwa na kilo 8 za risasi, ile metali nzito ya kumshusha mzamiaji. Sikulazimishwa na mtu, niliupakia mwenyewe. Wakati huo nilikuwa kijana wa kubeba mitungi katika kampuni moja ya uzamiaji huku kwetu Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na mwalimu mmoja aliyekuwa akiniona kila siku nachungulia maji akasema, "Leo twende wote." Kwenye sanduku mlikuwa na vipande vya risasi vya kilo moja moja na vya kilo mbili mbili. Nilishaona wageni wakubwa wakubwa wakijifunga kilo 8, wengine 10. Nikasema nisije nikaaibika mbele za watu kwa kuelea kama dafu. Nikajifunga za kutosha. Mwalimu alikuwa akimvalisha mgeni jaketi, hakunitazama kiunoni.

Nikajiangusha kwa mgongo kutoka ubavuni mwa boti. Nilikwenda chini kama nanga iliyokatika kamba. Masikio yakaanza kuuma kabla sijakumbuka kubana pua, na nilipofika mchangani, mita 9, nilitua kwa magoti nikatimua wingu la mchanga hata mikono yangu sikuiona. Nikapiga miguu. Nikainuka nusu mita, nikarudi. Nikapiga tena, nikarudi tena. Hewa ya mtungi nilikuwa naivuta kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Mwalimu alinikuta hapo, akanishika bega, akabonyeza kitufe cha jaketi langu hewa ikaingia kidogo kidogo, tukapanda taratibu. Botini hakunigombeza. Alifungua mkanda, akatoa kipande kimoja kimoja na kukipanga sakafuni, mpaka zikabaki kilo 2. "Hizi," akasema. Sikio la kushoto liliniuma wiki nzima.

Kilichoniuma kuliko sikio ni kwamba mimi si mgeni wa maji. Ami yangu, Mungu amzidishie umri, alikuwa mvuvi wa pweza na majongoo ya bahari, na mimi nilianza kumfuata nikiwa na miaka kumi. Hatukuwa na mitungi. Tulikuwa na miwani, na chuma cha pweza mkononi, na pumzi moja. Ami alikuwa na jambo lake alilokuwa akilirudia kila tukitia nanga penye kina. Alisema baharini kuna mlango. Juu ya mlango bahari haikutaki: unapiga miguu kwenda chini nayo inakurudisha. Ukishauvuka, inakuchukua. Huhitaji kupiga miguu tena, unashuka mwenyewe tu kama jiwe. "Ukisikia imekuchukua," alikuwa akiniambia, "usifurahi. Mtazame pweza mara moja, ukimkosa rudi." Vijana wenzangu walisema ni shetani wa mwamba anayevuta watu. Ami hakusema shetani, wala hakusema si shetani. Alisema mlango, na mlango wenyewe alijua uko pima ngapi.

Nilikuwa nao mlango ule kichwani miaka yote, na shuleni hakuna aliyenionyesha kwamba una uhusiano na kitu alichoandika mwalimu ubaoni. Densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo, yaani kilo za kitu kwa nafasi kinayochukua. Tukanakili, tukapewa mfano wa kipande cha chuma, tukafanya hesabu, tukafunga madaftari. Tukasimuliwa habari za Archimedes wa Sirakusa aliyeingia kwenye beseni maji yakamwagika, darasa zima likacheka kwa sababu alikimbia uchi. Kicheko ndicho kilichobaki.

Sasa baada ya aibu ya zile kilo 8 nilimwuliza yule mwalimu wa kuzamia, kwa nini 2 na si 8, wala si 4? Akaniuliza: una kilo ngapi, na unachukua nafasi gani ndani ya maji? Kilo zangu nilizijua, 60, nilipimwa kwenye mizani ya duka la mchele. Nafasi sikuijua. Akasema kapime.

Nikaenda kupima. Nilitafuta pipa la lita 200 lililokatwa mdomo, nikalijaza maji ya bomba mpaka ukingoni kabisa, nikavuta pumzi ya kushiba, nikaingia nikachutama kwa kubanana mpaka utosi ukazama. Maji yakamwagika uani. Nikatoka, na mdogo wangu akaanza kulijaza tena kwa jagi la lita moja, akihesabu kwa sauti. Yalipofika ukingoni alikuwa amehesabu 62. Tukarudia, safari hii nikiwa nimetoa pumzi yote kifuani. Zikaenda 58. Tulitaka kurudia mara ya tatu ili tuwe na hakika, ila mama alikuwa amesharudi kutoka mwani. Nungwi ni nchi ya mawe, maji ya kunywa yanahesabika kwa ndoo, na sisi tulikuwa tumemwaga zaidi ya lita mia moja kwa ajili ya elimu. Niliyoambiwa siku ile siyaandiki hapa.

Lakini hesabu nilikuwa nayo. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1 na gramu 25 hivi. Lita moja ya maji matamu ni kilo 1 kamili. Na bahari ina sheria moja isiyo na upendeleo: kitu chochote kikiingia ndani yake kinasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji yaliyopisha. Nikiwa nimejaza kifua napisha lita 62, yaani maji ya bahari ya kilo 63 na nusu. Mimi nina 60. Basi bahari inanibeba, na kilo 3 na nusu zinabaki za kunisukuma juu. Nikitoa pumzi napisha lita 58, sawa na kilo 59 na nusu hivi. Sasa mimi nimeyazidi maji kwa nusu kilo. Nazama, polepole, kama jani.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Kilo zangu hazikubadilika, ni zile zile 60 kabla na baada ya pumzi (hewa ya kifuani ina gramu chache tu). Kilichobadilika ni nafasi. Lita 4 za hewa, dumu la mafuta ya kupikia lisilojaa, ndizo zinazoamua kama mimi ni dafu au ni nanga. Na bahari, na hiyo 1.025 yake, imekaa katikati kabisa: nikijaza kifua densiti yangu ni 0.97, nikitoa pumzi ni 1.03.

Wazee wana msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kilo moja ya usufi na kilo moja ya risasi mizani haizitofautishi, tungamo ni lile lile. Risasi ya kilo moja ni kipande cha kuficha kiganjani, na usufi wa kilo moja unajaza mto mkubwa. Vitie vyote viwili majini uone. Kabla ya plastiki kuenea, majaketi ya kuokolea melini yalikuwa yakijazwa usufi huo huo tunaolalia.

Watu husema kizito huzama, chepesi huelea. Mimi siku hizi nikisikia hivyo nauliza: meli ya chuma ni nyepesi? Sindano ya kushonea ni nzito kuliko meli? Uzito peke yake hausemi kitu mpaka upimwe pamoja na nafasi. Ami alilijua hilo kwa mikono. Zamani alikuwa akishuka na jiwe, halafu akaacha, akatafuta kipande cha chuma cha injini ya lori. Nilidhani ni fahari tu. Kumbe jiwe letu la huku, kilo 10 nchi kavu, likiingia majini mkono unasikia kama kilo 6, kwa sababu maji yanabeba zilizobaki. Chuma cha kilo 10 kinabaki kilo 8 na nusu na ushei, kwa kuwa nafasi yake ni ndogo. Tungamo halijapungua kokote. Ni maji yamesaidia kubeba, na yamesaidia zaidi lile pana.

Baada ya hapo mlango wa Ami ulifunguka wenyewe, usiku, nikiwa kitandani. Hewa inabonyea, maji hayabonyei. Ukishuka mita 10 shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu, na hewa yote iliyo kifuani inabanwa mpaka nusu. Mimi nikishiba pumzi nina lita 5 na nusu hivi, zikiwemo zile zisizotoka hata nikijikamua. Nusu yake ikipotea, nimepoteza karibu kilo 3 za kubebwa. Nikaweka na chuma cha pweza mkononi, kilo moja. Jibu likaja mita 9 hivi. Pima tano. Hapo ndipo alipokuwa akisema mlango upo, kwa mtu wa umbo langu na chuma kile, na hakuwahi kushika kalamu kulijua.

Ukishajua hilo unaanza kuliona kila mahali. Chewa akivutwa haraka kutoka kwenye kina hufika juu tumbo limemtokea mdomoni, maana ana kibofu cha hewa ndani, na hewa iliyokuwa imebanwa imepanuka ikasukuma kila kitu. Papa hana kibofu hicho. Yeye amejazwa ini kubwa lenye mafuta, na mafuta ni mepesi kuliko maji kwa nafasi ile ile, hayabonyei ovyo kama hewa, kwa hiyo anapanda na kushuka bila mlango. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayoitwa sifa, wanayopaka mafundi wa vyombo pale pwani kwetu, ile harufu ambayo wageni huziba pua. Inanifurahisha kwamba papa anaelea kwa mafuta yake, na akishakufa mafuta yanakwenda kulinda mbao za chombo.

Nilisoma, nikapata vyeti, nikawa naongoza wageni mwenyewe. Kwa miaka mingi sasa neno ninalolisikia kuliko yote botini ni "niongezee risasi." Mgeni anaruka majini, anabaki juu, anaona wenzake wanashuka, anainua mkono: niongezee. Zamani nilikuwa naongeza. Siku hizi namtazama kifua kwanza.

Mtu mwenye hofu hupumua juu juu. Anavuta, anavuta tena kabla hajatoa, kifua kinabaki kimejaa saa zote kama cha jogoo. Lita 2 au 3 zimekaa humo hazitoki. Hofu ina ujazo wake, na mimi nimeshaupima kwa risasi: ni kilo 2 mpaka 3. Ukimwongezea risasi kweli atashuka, lakini atakapofika chini akatulia, akaanza kupumua kama binadamu, zile kilo zitakuwa za ziada, na atazibeba saa nzima akisugua matumbawe kwa tumbo. Namwambia toa pumzi, toa, endelea kutoa, mpaka anaona miwani inapita chini ya mstari wa maji. Wengine hucheka chini kwa chini, mapovu yakawatoka, wakazama kwa kicheko.

Kuna mama mmoja wa Uswisi aliyefundishwa katika ziwa la kwao, alikuja na kijitabu chake kimeandikwa idadi ya kilo, na hakutaka kusikia kingine. Nilimwelewa, kila mtu ana imani na mwalimu wake wa kwanza. Ila kijitabu kiliandikwa kwenye maji matamu na nguo nene ya mpira ya kuzuia baridi. Huku maji ni ya chumvi, kwa hiyo yanambeba zaidi na anahitaji risasi zaidi. Na huku ni joto, anavaa nguo nyembamba, ambayo ina vipovu vichache vya hewa ndani ya mpira wake, kwa hiyo anahitaji pungufu. Mambo mawili yanavutana. Tulifanya tunavyofanya siku zote: akae wima juu ya maji, jaketi halina hewa, pumzi ya kawaida, maji yafike machoni. Tukapunguza kilo 2, tukaweka tena moja. Kijitabu akakirekebisha kwa kalamu, kwa heshima kubwa.

Halafu kuna mtungi, ambao watu huusahau. Mtungi wetu wa alumini wa lita 11 ukijazwa unabeba lita zaidi ya 2,000 za hewa iliyoshindiliwa, na hewa nayo ina uzito: kilo 2 na nusu, na zaidi kidogo. Mwanzo wa kuzamia mtungi unazama. Mwisho, hewa imeshapumuliwa, mtungi ule ule wenye nafasi ile ile unataka kuelea. Ndiyo zile kilo 2 alizoniachia mwalimu siku ya kwanza. Hazikuwa za kunipeleka chini, zilikuwa za kunizuia nisitupwe juu mwishoni, pale mita 5 tunaposimama kusubiri kabla ya kutoka. Nilichukua miaka kuelewa hilo, na nilikuwa nimeshafundisha watu kabla sijalielewa, jambo ambalo sijivunii.

Kama kuna siku bahari ilinifundisha kwa kunicheka, basi ni siku ya mashine. Jamaa yetu mmoja mvuvi, mashine yake ya boti, ya nguvu za farasi 40, iling'oka boti ikiwa inatoka, parafujo hazikukazwa, ikaenda mita 14. Mashine ya namna ile ina kilo 70 hivi. Winchi hakuna, na kuivuta kwa mikono kutoka kwenye ngalawa ni kuipindua ngalawa. Mimi mtaalamu nikapiga hesabu. Tukakisia nafasi yake ni lita 25, basi majini inabaki kilo 45. Dumu la lita 20 likijaa hewa linainua kilo 20. Nikasema nitumie matano, niyajaze nusu nusu, nipate kama kilo 50, yavute sawasawa kila upande. Karatasini ilipendeza.

Tukayafunga shingoni, mdomo ukitazama chini, bila vifuniko. Nikapuliza hewa ya mtungi ndani ya kila dumu mpaka nusu. La tano lilipofika nusu mashine ikatikisika, ikaachana na mchanga. Nikafurahi. Sikukumbuka kwamba pale chini shinikizo ni mara 2.4 ya juu, na kwamba hewa iliyobanwa hupanuka ikipanda, kama ya chewa. Lita 10 za chini zinataka kuwa 24 zikifika juu. Kila mita iliyopanda, madumu yalizidi kujaa, na yalivyozidi kujaa ndivyo yalivyozidi kukimbia. Kutoka kilo 50 za kuinua zikawa 100. Nilibaki chini nikitazama mashine ya mtu ikienda juu kama roketi. Ikatokeza juu ya maji pembeni ya ngalawa, ikapiga mrengu, mrengu ukavunjika, madumu yakalala ubavu, hewa ikatoka yote kwa pumzi moja. Na mimi nilikuwa bado chini. Nikaona kivuli kinarudi. Nilipiga miguu siku ile kuliko siku ya kilo 8.

Mara ya pili tulitumia madumu matatu tu, nikayajaza mpaka mapovu yakaanza kumwagika mdomoni. Kilo 60 za kuinua dhidi ya 45, na hata ukipanda haziwezi kuzidi 60, kwa kuwa hewa inayopanuka inamwagika njia ile ile iliyoingilia. Ikapanda kwa adabu. Mashine ilioshwa kwa maji matamu, ikafunguliwa, ikawaka. Mrengu nilimlipa.

Mwaka uliofuata nilikwenda Mwanza kumwona dada yangu aliyeolewa huko. Jioni ya kwanza nikaingia ziwani na mashemeji, nikalala chali kama ninavyolala kwetu, nikanywa maji. Nilicheka, kisha nikakumbuka pipa: lita 62 za maji matamu ni kilo 62, si 63 na nusu. Kilo moja na nusu ya kubebwa imebaki Zanzibar. Meli nazo ndivyo zilivyo. Ukisimama bandarini ukatazama ubavu wa meli ya mizigo utaona duara limekatwa na mstari na ngazi ya mistari kando yake, alama aliyoipigania mbunge Mwingereza Samuel Plimsoll mpaka ikawa sheria kwao mwaka 1876. Mstari wa maji matamu uko juu ya ule wa bahari, maana mtoni au ziwani meli yenye shehena ile ile hukaa chini zaidi. Na kibofu kile cha samaki Mwanza kina jina na kina bei: bondo. La sangara linauzwa kwa kilo ghali kuliko nyama yake.

Ni huko pia, barazani kwa shemeji, waliponisimulia MV Bukoba. Wao walikuwepo mjini, walikuwa vijana. Ilikuwa tarehe 21 Mei 1996, meli imejaa watu, imekaribia kufika Mwanza, ikapinduka. Haikuzama papo hapo. Ilibaki tumbo juu, inaelea, na ndani watu walikuwa hai wakigonga bati. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Shemeji aliposimulia hapo nilijua kitakachofuata kabla hajasema, nikatamani anyamaze. Meli iliyopinduka ni dumu mdomo chini. Hewa iliyonaswa juu ndiyo iliyokuwa ikiibeba. Tundu likiwa juu, hewa inapata njia, na maji yanapanda kuchukua nafasi yake. Meli ikaenda chini. Walikufa mamia ya watu. Walioshika mashine ya kukatia chuma walikuwa wanataka kuokoa, na nadhani mtu yeyote aliyesimama pale akisikia ngumi za watu upande wa pili wa bati angefanya hivyo hivyo. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ziwa hilo hilo, fundi mmoja wa kivuko alitolewa hai siku mbili baadaye. Alikuwa amejificha ndani, palipobaki hewa.

Nilirudi Unguja nikiwa na hamu ya kumwona Ami. Hazamii tena, masikio yamekwisha, hushinda pwani kwenye kivuli akishona nyavu za wenzake. Nilimpelekea chupa ya maji ya plastiki, ya lita moja na nusu, imejaa mpaka shingoni, na ndani yake kifuniko cha kalamu ambacho tundu lake nimeliziba kwa nta ya mshumaa na mdomo wake nimeuzungushia waya mwembamba mpaka kikaelea kwa shida. Nimekaza kizibo. Nikamwambia, "Shikamoo Ami. Nimekuletea mlango."

Akaitikia, akaigeuza ile chupa, hakuona mlango wowote. Nikamwonyesha: minya ubavu. Akaminya, kifuniko kikashuka. Akaachia, kikapanda. Nikamweleza kwamba ndani ya kifuniko mna povu la hewa, kama kifua. Ukiminya chupa unalibana povu, linapisha maji machache, kifuniko hakiongezeki hata chembe ya uzito lakini nafasi yake imepungua. Nikamwambia habari ya pipa na pima tano. Akasema, "Pima tano ni kwako. Kwangu ilikuwa nne na nusu." Alikuwa mwembamba kuliko mimi, na chuma chake kilikuwa kizito zaidi. Sikubishana.

Aliendelea kuminya na kuachia, minya, achia, sindano ya nyavu ameiweka juu ya paja. Watoto wawili wakaja kusimama nyuma yake. Baadaye akapunguza nguvu ya vidole, polepole, kama mtu anayesikiliza samaki kwenye mshipi, mpaka kifuniko kikasimama katikati ya chupa, hakipandi wala hakishuki.

"Hapa," akasema.

Halafu akaongeza kidogo tu, na kifuniko kikaenda zake chini.